Mghani wa Gitaa: Kasha la Spika na Kivuli Chake cha Dijitali

Katika mwambao wa Waswahili, utungaji na ughani ni kazi mbili. Malenga hutunga, akapima mizani na kupanga vina. Kisha shairi hukabidhiwa mghani, naye akalitia mahadhi na kulifikisha masikioni mwa watu. Mara nyingine mtu mmoja huzikusanya kazi zote mbili, lakini hata hapo wasikilizaji wazoefu hujua kuzitenganisha: hulisifu shairi kando na sauti kando. Shairi zuri likipata koo mbovu hudhoofika, na shairi la wastani likipata mghani hodari hukaa vichwani kwa miaka. Mghani, kwa hivyo, si mpakuzi wa chakula kilichopikwa na mwengine. Naye ana chumvi yake.

Gitaa la umeme limegawika vivyo hivyo. Bao lake ni zito na kavu, halina tumbo la kuvumisha sauti kama udi au gambusi. Nyuzi za chuma zinapotikisika juu ya sumaku, kinachotoka ni mkondo mdogo wa umeme ambao hakuna sikio linaloweza kuusikia. Mkondo huo hukuzwa na amplifaya, ukapelekwa kwenye spika iliyofungwa ndani ya kasha la mbao, na hapo ndipo unapogeuka kuwa sauti. Kwa zaidi ya nusu karne kasha hilo ndilo lililokuwa mghani wa gitaa. Tangu miaka ya 1990 amezuka mghani wa pili: kompyuta ndogo, pengine isiyozidi ukubwa wa kitabu, inayokokotoa kwa tarakimu namna amplifaya na kasha fulani vingaliitikia, kisha ikalitoa jibu hilo moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi au kwenye spika ndogo za masikioni.

Wapiga magitaa wa Ulaya na Marekani wamebishana juu ya jambo hili kwa takriban miongo mitatu. Mswahili akiusikiliza mzozo wao atakumbuka methali mbili. Upande mmoja unasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Upande wa pili unajibiwa kwa kejeli kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali zote mbili zinapima umri wa vitu, na umri si kipimo cha sauti. Linalostahiki kuulizwa ni hili: ni lipi hasa analolifanya yule mghani wa mbao, ni kipi katika hayo kinachonakilika, na ni nani anayechagua cha kunakiliwa?

Spika ya gitaa, ikipimwa kwa kipimo cha spika ya kusikilizia muziki nyumbani, ni chombo chenye upungufu. Sikio la kijana huweza kusikia hadi karibu Hezi 20,000. Spika ya gitaa yenye upana wa inchi 12 huanza kuporomoka baada ya Hezi 5,000 hivi. Sauti zilizo juu ya hapo huzitamka kwa unyonge, nyengine hazitamki kabisa. Upungufu huo ndio rehema yake. Amplifaya ya valvu ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya umeme hukatwa vilele, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingi za juu zenye makali, mfano wa nyuki waliochokozwa mzingani. Mkondo huo ukipitishwa kwenye spika safi isiyochuja kitu, hausikiliziki. Koni ya karatasi huyafuta makali yale, ikabakisha joto na uzito. Ile sauti nene ambayo dunia nzima inaitambua kuwa ni gitaa la roki ni, kwa sehemu kubwa, yale ambayo karatasi imekataa kuyasema.

Kasha nalo lina lake. Lililo wazi nyuma, kama yale yaliyotengenezwa na Leo Fender huko California, humwaga sauti mbele na nyuma, ikajaa chumbani kwa upana. Lililofungwa pande zote husukuma mbele, na sauti nzito zikapiga kifuani. Spika mashuhuri ya Celestion ya Uingereza, ile yenye kifuniko cha kijani, ina mrindimo wake wa asili karibu na Hezi 75, jirani kabisa na uzi mnene wa gitaa wenye Hezi 82. Ndiyo maana noti za chini zikipigwa humo huitikiwa kama kwamba kuna mtu wa pili ndani ya kasha. Zaidi ya hayo, koni inapotikisika hurudisha umeme kidogo kwenye amplifaya iliyoituma. Msemaji na msemewa huathiriana. Mpigaji akiongeza nguvu ya kidole, mnyororo mzima huinama naye.

Lugha hii haikubuniwa katika maabara. Ilizaliwa katika ajali na ukorofi. Mwezi Machi 1951, mjini Memphis, bendi ya Ike Turner iliingia studio kurekodi wimbo "Rocket 88" huku amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ikiwa imeharibika njiani. Kwa mapokezi ya waliokuwapo, koni iliyochanika ilishindiliwa karatasi, na wimbo ukarekodiwa na mkwaruzo wake. Mwaka 1958 Link Wray alizitoboa spika zake kwa makusudi ili "Rumble" itoke na ukali alioutaka. Mwaka 1964, jijini London, kijana Dave Davies wa kundi la The Kinks aliipasua kwa wembe koni ya amplifaya yake ndogo; mlio uliotoka humo ndio unaoubeba wimbo "You Really Got Me". Watatu hawa walifanya lile ambalo washairi hulifanya wanapoikiuka kanuni kwa kujua: kosa lilirudiwa mpaka likawa mtindo, na mtindo ukawa sarufi.

Kisha sarufi hiyo ikapata uzito wa kilo. Magharibi ya London, katika duka la Jim Marshall, wapigaji wa miaka ya 1960 walidai vyombo vyenye kishindo zaidi. Mwaka 1965 Pete Townshend wa The Who aliomba kasha moja lenye spika nane. Alipewa, lakini wabebaji wa vyombo wakalalamika, na kasha likagawanywa mawili yenye spika nne nne, moja likipandishwa juu ya jengine. Mnara ule ambao baadaye ulikuwa alama ya jukwaa la roki duniani ulitokana basi na migongo ya vibarua. Hata kasha moja la aina hiyo hupita kilo 35. Wanaolisifu kasha la mbao mara nyingi husahau kuwauliza waliolipandisha ngazi.

Hapo ndipo hoja ya dijitali inapoanza, na ni hoja yenye haki. Amplifaya ya valvu haitoi sauti yake bora ila ikishughulishwa sana, na ikishughulishwa sana hakuna jirani atakayelala. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja hawezi kujifunza kwa chombo hicho. Mwaka 1995 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa chombo chake cha VG-8 kilichoiga magitaa na amplifaya kwa hesabu. Mwaka 1998 Line 6 ya California ikatoa POD, kidude chekundu chenye umbo la figo, kikiwa na amplifaya nyingi za kuigiza ndani yake. Mwaka 2006 ikafuata Axe-Fx ya Fractal Audio, na mwaka 2011 Mjerumani Christoph Kemper akaja na mtambo unaoisikiliza amplifaya halisi na kuchukua sura yake. Tangu hapo kompyuta zimefunzwa kujifunza wenyewe kutokana na mifano, na leo zipo programu huria zinazoifanya kazi hiyo pasi na malipo. Kijana asiye na uwezo wa kununua hata koni moja anaweza kupiga kupitia mnara mzima usiku wa manane, na mtoto katika chumba cha pili asiamke.

Wapinzani wa dijitali hulalamikia ucheleweshaji, kwamba hesabu huchukua muda na noti huchelewa. Lalamiko hilo ni dhaifu. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hivyo kuchelewa kwa sehemu tatu za elfu za sekunde ni sawa na mpigaji kusimama mita moja mbali na kasha lake. Hakuna mpigaji aliyewahi kulilalamikia hatua moja. Husema pia kwamba nakala haifanani na asili. Katika muziki uliorekodiwa, hilo nalo linazidi kuwa gumu kulithibitisha kwa sikio, na ipo sababu: msikilizaji wa santuri au wa redio hakupata kulisikia kasha. Alichokisikia siku zote ni maikrofoni iliyowekwa mbele ya kasha.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, na pande zote mbili hupapita kwa haraka. Nakala ya dijitali ya kasha hufanywa hivi: mlio wa majaribio hupigwa ndani ya spika, maikrofoni ikaunasa, na kompyuta ikahesabu kilichobadilika baina ya mlio uliotumwa na uliorudi. Matokeo yake ni faili fupi, ambalo aghalabu halifiki hata sekunde moja, na kila noti itakayopigwa baadaye hupitishwa humo. Lakini spika haitoi sauti moja. Mbele ya kitovu chake sauti ni kali kama sindano. Pembeni mwa koni ni ya upole. Kwa anayesimama ubavuni mwa kasha ni nzito na yenye giza. Maikrofoni ikisogezwa upana wa vidole viwili, sauti inakuwa nyengine. Aliyeliunda faili alichagua pahala pamoja, siku moja, katika chumba kimoja. Kwa hivyo kinachouzwa kwa jina la kasha ni usikivu wa mtu fulani mbele ya kasha. Mpigaji wa dijitali huazima sikio la mwengine kabla ya kulitumia lake.

Kuazima si aibu. Msomaji wa diwani iliyohaririwa naye huazima jicho la mhariri, na tenzi nyingi kongwe zimefika hapa zilipo kwa mikono ya wanakili ambao kila mmoja aliacha alama yake. Lakini msomaji makini hupenda kujua mnakili ni nani na alikiacha nini. Katika ulimwengu wa dijitali swali hilo haliulizwi sana, kwa kuwa kioo cha mtambo humwonyesha mpigaji picha ya kasha, asionyeshwe picha ya aliyelisikiliza.

Jambo la pili ni hewa. Kasha likinguruma karibu na mpigaji, hewa inayotikiswa na spika huufikia uzi na kuutikisa upya, na noti iliyotakiwa kufa hufufuka ikaanza kuimba. Mnamo Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock, Jimi Hendrix aliupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa njia hiyo: alisogea na kugeuka mbele ya makasha yake, na umbali baina ya mwili wake na mbao ukawa sehemu ya upigaji. Mtambo wa dijitali ukiunganishwa na spika yenye nguvu jukwaani unaweza kuupata mwito huo, na haki inataka hilo lisemwe. Ukiunganishwa na spika za masikioni peke yake, kama inavyofanyika sasa katika majukwaa mengi makubwa, uzi haupati habari yoyote kutoka kwa sauti yake wenyewe. Mghani anaghani akiwa ameziba masikio ya malenga.

Swali la tatu, la nani anayechagua, ndilo linalougusa mwambao wenyewe. Gitaa la umeme lilikuja Afrika Mashariki na makasha ya ng'ambo, lakini halikudumu nayo. Katika bendi za dansi vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, iwe shirika la umma au mfanyabiashara, na wapigaji wengi hawakumiliki hata gitaa waliloshika. Spika ilipopasuka haikungojewa meli. Fundi redio aliifunga koni nyengine, fundi seremala akaunda kasha kwa mbao alizozipata na vipimo alivyovizoea, na Jumamosi watu wakacheza. Huko Tanga, katika miaka ya 1960, vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa ya umeme katika taarabu, na sauti ya gitaa ikalazimika kujifunza adabu ya kumpisha mwimbaji.

Sauti hiyo haikufuata sarufi ya London. Katika dansi magitaa hupokezana: la rithimu linashona, la solo linatamka, la besi linabeba, na kila moja limeachiwa nafasi yake. Mkwaruzo mzito ungaliuvunja mshono huo. Kasha lilitakiwa lifanye kazi nyengine: kuipa noti safi mwili, kuulainisha mwanzo wa kila kishindo, na kuifikisha ng'ambo ya ukumbi uliojaa watu bila ya kuivuruga. Anayesikiliza solo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, husikia noti zinazometa bila ya kuchoma. Umetaji huo una vidole ndani yake, una studio ya redio ndani yake, na bila shaka una karatasi ya koni pia.

Sasa kijana wa Unguja au wa Mombasa akifungua mtambo wa dijitali hukutana na orodha ndefu: makasha ya London, makasha ya California, kila moja na mwaka wake na aina ya mbao zake. Celestion wenyewe, waliokuwa wakitengeneza koni tangu miaka ya 1920, walianza mwaka 2017 kuuza nakala za dijitali za spika zao. Mwenye kiwanda cha karatasi akawa muuza kumbukumbu za karatasi. Si rahisi kukuta katika orodha hizo kasha la seremala wa Tanga au wa Dar es Salaam. Wala hakuna mtu wa kulaumiwa, kwani kila mnakili hunakili kilicho mbele yake. Lakini athari yake ni kwamba kijana huyo amepewa waghani mia, na hata mmoja kati yao hakuzaliwa karibu na alipozaliwa yeye.

Wapenzi wa taarabu wameyaona haya kabla. Kinanda cha umeme kilipoenea katika taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, kilibeba ndani yake sauti ya fidla na sauti ya akodiani, zote zikiwa zimetiwa kiwandani. Vikundi vikapungua watu, gharama zikashuka, safari zikawa nyepesi. Kilichopotea kilitambulika polepole: fidla huteleza baina ya noti na noti, ikalia pale ambapo kitufe cha kinanda hakina jina. Hakuna aliyeamua kuliacha teleziko lile. Halikuwamo tu katika orodha, na kisichokuwamo katika orodha hakikosekani mpaka atokee anayekikumbuka.

Hukumu, basi, haiwezi kuwa ya kulitupa moja na kulikumbatia jengine. Kwa mwanafunzi, kwa msafiri, kwa jirani na kwa mgongo wa mbebaji, dijitali imeshinda, na ni ushindi wa halali. Kwa yule anayetaka sauti iufikie mwili na kurudi kwenye uzi, kasha bado lina lake la kufundisha. Kosa lipo pale ambapo nakala inachukuliwa kuwa ndiyo mwisho wa elimu. Mitambo hii, kwa ustadi wake wote, bado inajisifu zaidi kwa kufanana na vitu vya zamani. Ni mwanafunzi hodari wa ughani ambaye ameyahifadhi mahadhi yote ya walimu wake, lakini wasikilizaji wangali wakimngojea aghani kwa mahadhi yake mwenyewe.

Na papo hapo chombo hiki kinachotiliwa shaka ndicho kinachoweza kuokoa. Hewa ya bahari haina huruma: karatasi hunyonya unyevu, chuma hushika kutu, gundi huachia. Makasha ya bendi za zamani yaliyosalia katika stoo na kumbi za mwambao hayatangoja kizazi kingine. Maikrofoni moja, kompyuta ya kawaida na mlio wa majaribio wa sekunde chache vinatosha kuichukua sauti ya kasha kabla halijaoza. Kinachohitajika zaidi ni mtu atakayekaa kwanza na mzee aliyelipiga au fundi aliyelitengeneza, amwulize watu walikuwa wakisimama wapi walipolisikiliza, kisha aiweke maikrofoni yake hapo.